Jinsi ya Kutua Singida kwa Leseni ya Ughaibuni

Umerudi na leseni ya rubani binafsi. Umeipatia Florida, au Johannesburg, au kwenye kiwanja cha nyasi huko kusini mwa Uingereza, na imekula pesa ambayo hapa ingejenga nyumba ya vyumba vitatu na kuchimba kisima. Umeruka saa arobaini na ushee, umefanya mitihani, daktari amekuchungulia macho na masikio. Sasa kuna jambo moja unalolitaka, na usione haya kulisema maana tuko wawili tu hapa: unataka watu wa kwenu Singida wakuone ukishuka kwenye ndege uliyoiendesha mwenyewe.

Ni haja ya kawaida. Wengine hurudi na Land Cruiser ya kukodi, wengine hurudi na lafudhi tu. Wewe umechagua njia ghali kuliko zote, na anayelipa ghali namna hiyo anastahili kushikwa mkono. Fuata hatua hizi. Utapata sifa yote ya urubani na robo tu ya kazi yake.

1. Anza na mavazi

Miwani ya jua kwanza, leseni baadaye. Nunua hedifoni zako mwenyewe, za rangi ya kuonekana, na uzivae shingoni hata ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji. Shati jeupe linatosha. Kuhusu ile mistari ya mabegani, rubani binafsi hana haki nayo, lakini fundi cherehani wa Kariakoo hatakuuliza leseni. Ukishindwa kabisa kujizuia, weka miwili. Ukiweka minne, kuna binamu atakuuliza mbele za watu kama Dreamliner ya Air Tanzania unaiendesha siku zipi, na hapo utalazimika kusema uongo mkubwa kuliko uliopanga.

2. Jifunze kusoma mkia

Sheria yenyewe ni fupi kuliko unavyotishwa. Mwaka 1944 mataifa yalikaa Chicago yakaandika mkataba ambao Tanzania nayo imo, na kifungu chake cha 32 kinataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa, au kutambuliwa, na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa Kiswahili cha kijiweni: leseni inafuata mkia. N ni Marekani, G ni Uingereza, ZS ni Afrika Kusini, 5Y ni Kenya, na 5H ni sisi. Kwa leseni yako ya Marekani unaweza kuendesha ndege yenye N hata juu ya Manyoni. Ila 5H iliyoegeshwa pale Arusha, ambayo ndiyo utakayoweza kukodi, huna ruhusa ya kuondoka nayo peke yako hata mita kumi.

Njia ni mbili. Ya kwanza, uje na mkia wako. Yaani upate ndege ya N, uivushe mabara, uombe vibali vya kupita kila nchi, na ukifika Tanzania utue kwanza kwenye uwanja wenye uhamiaji na forodha, mathalani Kilimanjaro. Huwezi kutoka Nairobi ukajirusha moja kwa moja hadi Singida kama mwewe aliyeona kifaranga. Kifungu cha 29 cha mkataba uleule kinakutaka ubebe cheti cha usajili, cheti cha ubora wa ndege, leseni, kitabu cha safari, leseni ya redio na orodha ya abiria. Kwa mtu anayetaka picha tatu, mzigo huo ni mkubwa.

Ya pili, uiombe Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, iitambue leseni yako. Jiandae kwa mamlaka kuwaandikia waliokupa leseni kuwauliza kama kweli wanakujua. Jiandae kwa mtihani wa sheria za anga za hapa na kwa maswali kuhusu cheti chako cha afya. Na ukishatambuliwa, utambuzi huo hauwezi kuishi kupita leseni yenyewe: ikifa ya kule, na ya hapa imekwenda. Ni jambo la busara, linafanyika, na watu wavumilivu hulikamilisha. Likizo yako ni ya wiki tatu. Twende hatua ya tatu.

3. Usidanganye mahali pasipofaa

Najua unachokiwaza. Singida hakuna foleni ya ndege. Nani atakuja kwenye kiwanja cha mkoani kuniuliza karatasi?

Siku nyingi, kweli, hakuna. Mkaguzi ana familia na majukumu. Lakini yupo mtu mwingine anayeisoma leseni yako kwa makini kuliko mkaguzi yeyote, na hasomi kabla ya safari: ni wakala wa bima. Husoma baada ya tukio, akiwa ametulia, ana chai mezani. Atauliza mkia ni wa wapi, leseni ni ya wapi, na nani aliyeviunganisha viwili hivyo. Ukikosa jibu, gharama ya ile Cessna ya kukodi inakuwa yako, na hakuna shamba la alizeti Ikungi nzima litakaloilipa. Danganya kwa miwani, danganya kwa mistari, danganya kwa namna unavyotembea. Karatasi ziache ziseme kweli.

4. Siri yenyewe: kiti cha kulia

Sasa tumefika penye utamu. Kodi ndege pamoja na rubani wake, na hakikisha ni mwalimu, mwenye leseni ya hapa na ruhusa ya kufundisha. Yeye akae kulia. Wewe kaa kushoto, anakokaa nahodha na zinakoelekea kamera zote. Karatasini safari ni ya mafunzo na mkuu wa chombo ni yeye. Kijijini mkuu wa chombo ni yule aliyekaa kushoto mwenye miwani. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kuna shangazi mmoja tu aliyeelewa vibaya, na wewe hukumwambia lolote.

Usijione mdogo, watu wakubwa wamefanya hivihivi. Martin na Osa Johnson, Wamarekani wapiga filamu, walijifunza kuruka kwao Kansas mwaka 1932, na kufikia 1933 wakaja Afrika Mashariki na ndege mbili za Sikorsky za kutua majini, moja wameipaka mistari ya pundamilia na nyingine mabaka ya twiga. Walizunguka Kilimanjaro na Mlima Kenya, wakapita juu ya Serengeti, na dunia nzima ikawajua kuwa ni wanandoa warukao. Leseni walikuwa nazo. Lakini walimbeba pia Vern Carstens, mwalimu wao wa kuruka, na Boris Sergievsky, rubani wa majaribio wa kiwanda cha Sikorsky. Jiulize ni nani kati ya hao wanne unayemkumbuka kwa sura.

Namna ya kuzungumza na huyo mwalimu wako: muite “Kapteni” kila mara, kwa sauti, hasa mbele ya watu. Wao watadhani ni utani wa marubani wawili. Yeye atajua unamaanisha. Mpe chakula cha mchana na usijadili bei yake mbele ya fundi wa ndege. Na akisema “Niachie, kaka,” wewe achia usukani papo hapo, bila hoja, kisha upapase kitu kingine chochote kilicho karibu ili uonekane una kazi.

5. Kikombe cha mafuta

Kabla ya kuondoka, Kapteni atainama chini ya bawa na kikombe kirefu kinachopenya mwanga, aminye kibomba kidogo, mafuta yachuruzike. Hii ndiyo picha bora ya siku nzima na wengi huikosa kwa kuwa wanajipiga selfi puani mwa ndege. Mwambie akushikishe wewe kikombe. Kiinue juani. Petroli ya ndege hizi, avgas ya 100LL, imetiwa rangi ya buluu hafifu. Kama kuna maji, yatakuwa yamekaa chini kabisa, tone lisilo na rangi, likibiringika unapokiinamisha kikombe. Kunja uso, tazama kwa sekunde tatu, kisha itikia kwa kichwa kuashiria umeridhika. Kapteni atakuwa ameshaona na kuamua zamani.

Mafuta hayo ya buluu yahesabu ya kwenda na kurudi ukiwa bado Arusha au Dodoma. Usipange safari kwa kutegemea kuyakuta Singida. Na atakapotokea kijana mwema mwenye bodaboda na dumu, akikuhakikishia kwamba petroli ni petroli, mshukuru sana, mnunulie soda, na usimruhusu akaribie bawa.

6. Saa tatu tofauti kwa jambo moja

Hapa ndipo mapokezi mengi yanapoharibika, kwa hiyo sikiliza. Mpango wa safari unaandikwa kwa saa ya dunia, ile ya Greenwich. Simu yako inaonyesha saa ya Afrika Mashariki, iliyotangulia kwa saa tatu. Mjomba wako anahesabu kuanzia mapambazuko. Kwa hiyo ndege inayotua 0700 kwenye karatasi ya Kapteni inatua 10:00 kwenye simu yako na saa nne asubuhi kwa mjomba.

Wewe uliyekaa nje miaka minane utampigia na kumwambia, “Mjomba, natua saa kumi.” Naye atakuja saa kumi, jioni, na kwaya, na mwenyekiti wa kijiji, na mbuzi. Wewe wakati huo uko Arusha unakunywa kahawa. Mwambie saa nne. Halafu mwambie saa tatu, kwa sababu mbuzi huchukua muda.

7. Usiuamini mstari mnyoofu

Kutoka Arusha hadi Singida ni takriban maili 140 za anga. Ukigusa vidole viwili kwenye tableti, programu inakuchorea mstari mzuri wa zambarau, mnyoofu, na wewe unajisikia umeshafika. Ufuatishe kwa macho. Unapita karibu na Katesh, na juu ya Katesh amesimama Hanang, mita 3,417, zaidi ya futi 11,000. Mstari hauugongi mlima huo. Unapita pembeni yake, umbali ambao siku ya mbingu safi ni zawadi kwa wapiga picha, na siku ya mawingu ya masika ni jambo ambalo Kapteni hatalizungumza, atageuza tu pua ya ndege kwenda upande mwingine na kuongeza dakika kumi.

Usiulize kwa nini. Sema, “Na mimi nilikuwa nataka kupendekeza hivyo.”

Kutokea Dodoma ni rahisi zaidi: maili kama mia moja, chini ya saa moja kwa Cessna 172, nchi ya vichaka, vilima vya mawe na mabonde yanayoinuka polepole. Kama huna sababu ya kuanzia Arusha, anzia huko. Sababu ya wengi kuanzia Arusha ni kwamba kuna watu wengi zaidi wa kuwaona wakiondoka.

8. Redioni

Umefunzwa kuongea na mnara unaojibu. Karibu Singida huenda ukaitangaza nafasi yako na usijibiwe na yeyote, na ukimya huo usikuvunje moyo. Tangaza ulipo, futi zako, unakokwenda. Unawaambia marubani wengine walio jirani, maana kwenye msimu wa uwindaji kuna ndege za Caravan zinazopeleka wageni kwenye mapori ya Rungwa na Kizigo, na rubani wa Caravan huwa na haraka na amewahi kusikia kila aina ya mtu.

Lafudhi ya Texas itumie kwa kiasi. Shirika la anga la dunia, ICAO, linataka rubani wa safari za kimataifa awe na Kiingereza cha angalau daraja la nne kati ya sita. Hakuna daraja linalodai uongee kwa kuburuta maneno. Nimewahi kumsikia mmoja akipamba sentensi ya nafasi yake mpaka, alipoimaliza, hiyo nafasi alikuwa ameshaiacha nyuma.

9. Kuzunguka juu ya nyumba ya shangazi

Hii ndiyo hatua uliyoijia. Najua, na wewe unajua, na Kapteni amejua tangu ulipomuuliza mara ya kwanza kwa sauti ya kutojali kama “njia yetu inapita karibu na Ilongero.”

Mpango wako ni huu: ushuke chini, uilaze ndege upande, uzunguke juu ya bati la shangazi, watoto watoke mbio, shangazi apunge kanga, wewe uchungulie dirishani na umpungie. Kwenye video inapendeza mno. Ngoja nikueleze kinachotokea nyuma ya video, halafu nikupe namna ya kuipata video bila hicho.

Ndege ikilala nyuzi 60, uzito unaobebwa na mabawa unakuwa mara mbili, na mwendo wa chini kabisa inaoweza kubaki nao hewani unapanda kwa asilimia 41. Wewe hutazami kipima mwendo, unatazama kanga. Upepo wa mashariki wa kiangazi, ambao Singida hauna mzaha na ndiyo maana watu wamekuwa wakipanga kujenga mashamba ya mitambo ya upepo pale, unakusukuma kutoka mgongoni, ardhi inakimbia chini yako, na macho yako yanakuambia mwendo upo wa kutosha. Unavuta usukani kidogo ili duara libane. Bawa la ndani linaacha kubeba. Futi 300 hazitoshi kurekebisha kosa hilo, awe rubani amesomea Florida au mbinguni.

Na kuna nyaya. Singida ni njia panda ya umeme mkubwa wa kilovolti 400, unaotoka Iringa kupitia Dodoma kwenda Shinyanga, na mwingine unaoelekea Arusha hadi Namanga. Minara unaiona, nyaya huzioni. Januari 1954 mwandishi Ernest Hemingway alikuwa abiria kwenye Cessna iliyokuwa ikizunguka maporomoko ya Murchison, Uganda, wajionee maji. Ikapiga waya wa simu ya zamani ikaanguka. Akapona. Ndege iliyokuja kumchukua ikawaka moto ilipokuwa inaondoka Butiaba. Akapona tena, ila kwa majeraha makubwa, akapata muda wa kusoma tanzia zake mwenyewe magazetini. Wewe si Hemingway. Gazeti halitakuandika mara mbili.

Na kuna tai. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliendesha Dornier yao kutoka Ujerumani mwishoni mwa 1957, mkia D-ENTE, imepakwa mistari ya pundamilia, wakaja kuhesabu wanyama wa Serengeti. Hao hawakuja kuuza sura, walikuja kazini. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa angani peke yake, tai akaligonga bawa, ndege ikaanguka. Alikuwa na miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa Ngorongoro, na magari ya watalii huyapita mawe yake kila siku.

Basi fanya hivi. Mwambie Kapteni mpite futi 1,000 juu ya kijiji, mara moja, kwa mstari ulionyooka. Sheria za kimataifa zinataka futi 1,000 juu ya makazi yaliyosongamana na 500 mahali pengine, kwa hiyo utakuwa salama hata mtu akipima kwa rula. Mtume mpwa wako mapema na simu nzuri. Kutoka chini, ndege iliyo futi 1,000 inaonekana iko jirani sana, na injini inasikika hadi kisimani. Shangazi atapunga. Hatakuona. Atasema kwa miaka kumi ijayo kwamba alikuona meno.

10. Kutua

Atatua Kapteni. Wewe weka mikono karibu na usukani, pasipo kuugusa, sura imekazwa kiasi.

Kwanza mtapita juu ya kiwanja bila kutua, na hapo ndipo utagundua kwamba kiwanja kidogo cha mkoani kina matumizi mengi: kuna mbuzi, kuna njia ya mkato ya wanafunzi, kuna mtu amesimamisha baiskeli akiwashangaa. Mkipita, vyote vinasogea, isipokuwa mbuzi mmoja. Tazama soksi ya upepo. Kiangazi tazama pia chamchela, ile nguzo ya vumbi inayotembea yenyewe mchana ikibeba mifuko ya plastiki na makapi. Kutoka mbali inapendeza. Ikikukuta futi 50 juu ya ardhi, hutaifurahia.

Injini ikizimwa, ngoja pangaboi lisimame kabisa. Hapo usishuke. Hesabu hadi kumi. Toa hedifoni polepole, andika kitu chochote kwenye karatasi iliyo pajani, ndipo ufungue mlango. Rubani halisi hufanya hivyo kwa sababu anamalizia orodha yake ya ukaguzi. Wewe unafanya hivyo ili kwaya ipange sauti.

11. Zawadi za shangazi

Mapokezi yatakwenda vizuri bila msaada wangu. Kula kuku wa Singida, wanastahili sifa zao. Shida inaanza saa nane mchana, mnapoaga.

Fikiria kwa kilo. Cessna 172 ya kawaida inaruhusiwa kuondoka ardhini ikiwa na jumla ya kilo kama 1,050 hadi 1,100. Tupu, ina 650 hadi 700. Ukijaza mafuta, zaidi ya mia zimeondoka. Wewe na Kapteni mmeshakula kilo 160, na baada ya mchana huu ni 165. Viti viko vinne, lakini viti vinne havijawahi kumaanisha watu wanne. Sasa shangazi analeta gunia la vitunguu, dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti, kuku wawili hai waliofungwa miguu, na binamu anayeomba lifti.

Halafu hewa. Singida iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, futi 5,000 hivi. Mchana wa Oktoba, joto likifika nyuzi 28, ndege inajisikia iko kama futi 7,700. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu robo ya nguvu zake, mabawa yanakamata hewa nyepesi, na umbali wa kukimbia kabla ya kuinuka unaweza kuwa mara mbili ya ule uliouzoea pale Florida, ufukweni, kwenye lami. Na hapa ni changarawe. Kuna kitufe chekundu pia, cha kupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini. Kule ulifundishwa kukisukuma hadi mwisho unapoondoka, ukakisahau. Hapa ukikisukuma hadi mwisho, injini inazidiwa na petroli na inakohoa. Utaona mkono wa Kapteni ukipita mbele yako taratibu, ukikivuta sentimita chache nyuma, bila neno. Jifanye umeangalia nje.

Namna ya kukataa zawadi bila kumkosea shangazi ni moja tu: mlaumu Kapteni. Mchukue pembeni, rudi na uso wa huzuni, sema, “Shangazi, mimi ningebeba, ila msaidizi wangu anaogopa.” Kapteni ameitwa vibaya zaidi. Pokea kuku mmoja kwa mikono miwili, vitunguu vitakuja kwa basi, na binamu atakuja na vitunguu. Na kuku huyo asipokelewe kama malipo ya kumrusha mtu, maana leseni ya rubani binafsi hairuhusu ujira. Sijui wakala wa bima angemchukuliaje kuku, na sitaki tujue.

Kisha msiondoke saa hiyo. Subirini saa kumi na nusu, jua likilegea. Lakini msisubiri mno: kiwanja hicho kipangie kana kwamba hakina taa hata moja, na huku kwetu jua likishazama, giza haliombi dakika tano. Kama mmechelewa, laleni. Kulala Singida hakujaua mtu, na asubuhi, kwenye hewa ya baridi, utaondoka mbele ya watu wengi zaidi, maana watakuwa wameambiana.

12. Gharama ambayo hukuambiwa

Ukishatua mara moja, wewe ni rubani, na rubani ana pesa. Kabla hujafika Dar es Salaam utakuwa umeingizwa kwenye makundi manne ya WhatsApp: harusi mbili, ukarabati wa kanisa, na mgonjwa. Kwenye kila orodha ya michango jina lako litaandikwa “Kapteni”, juu kabisa, na mbele yake kiasi ambacho kamati imeshakujazia. Usibishane na cheo, umekihangaikia. Toa nusu ya kilichoandikwa, siku hiyohiyo, kabla mwalimu mkuu wa shule hajatoa. Wakilalamika, waandikie habari za bei ya avgas, kwa kirefu, kwa lita na kwa dola, hadi mtu abadilishe mada.

Na mjomba akikuuliza lini unaleta ndege nyingine, kubwa zaidi, ya kubeba wageni wote wa harusi, mwambie umeshaomba kibali.